Siku Zangu na Siku Zake Kwenye Shimo la Shasha

Darasani mimi nilikuwa wa kwanza na mwenzangu alikuwa wa pili. Naanza na jambo hilo kwa sababu katika miezi yote ninayotaka kuieleza hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza, na mimi nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Tulitoka shule ya misheni pamoja, sisi wawili, na diploma zenye mhuri mwekundu. Yangu niliifunga ndani ya kitambaa, kitambaa nikakifunga ndani ya gazeti, gazeti nikalitia ndani ya kopo la biskuti, kwa kuogopa mvua, mende na moto wa jikoni. Yake aliikunja mara nne akaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Wazazi wangu ni wakulima wa vilima vya Masisi, watu wa maharage na mtama. Wazazi wake ni wafugaji wa Nyamitaba, ingawa miaka hiyo mama yake alikuwa ameteremka na sehemu ya ng'ombe wao hadi kilima kimoja juu ya Shasha, kando ya ziwa, ili auze maziwa kwa watu wa barabara ya Sake. Tangu utoto tulikaa benchi moja kanisani, yeye mrefu kupita kiasi na mimi mfupi, na kila aliyetupita njiani alitulinganisha kwa sauti.

"Angalia! Muti na kisiki yake banapita!"

Yeye alicheka kila mara. Mimi nilicheka pia, halafu nikafika nyumbani na kufikiri juu ya neno kisiki mpaka chakula kikapoa.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, tulipokuwa bado tunangoja kupewa kazi ya ualimu, ndipo alipofika profesa mmoja kutoka chuo kikuu cha Ulaya pamoja na wanafunzi wake watatu. Walikuja kujifunza mambo ya milima ya moto na hatari nyingine za ardhi. Wazee wa Sake walikuwa bado wanakumbuka mwaka ule moto wa mlima ulipoteremka mpaka ziwani na maji yakachemka samaki wakiwamo. Wageni walitembea juu ya mawe meusi yaliyoachwa na moto ule, nyundo mikononi, wakivunja, wakinusa, wakiandika. Niliwatazama wanafunzi hao, vijana wa umri wangu, wakila mkate wamekaa juu ya jiwe ambalo mimi nilikuwa nimeogopa kulikanyaga maisha yangu yote, na nikaona wivu ulionishangaza. Kwao Shasha ilikuwa ng'ambo. Walivuka bahari kuja kusoma kwetu, wakirudi watafanya mtihani juu ya kwetu, na mimi niliyezaliwa hapo sikuwa na chuo cha kunitahini.

Padri wa misheni ndiye aliyetutambulisha. Profesa alihitaji vijana wawili wanaojua Kifaransa na wanaoijua nchi. Siku ya kwanza kabisa, akiwa ameshika kikombe cha kahawa, alitwambia jambo lililoninyima raha tangu hapo.

"Mwisho wa kazi nitaandika barua moja kwa chuo changu," alisema. "Kuna nafasi moja ya kuja kusoma kwetu. Moja tu. Nitaitoa kwa yule nitakayeona anaifaa kazi hii."

Mwenzangu alisema, "Asante, Profesa," akaendelea kunywa kahawa yake. Mimi nilihesabu maneno. Alisema "moja" mara mbili, na mara ya pili alikuwa akimtazama mwenzangu. Au alikuwa akitazama ziwa nyuma yake? Jambo hilo lilinichukua siku tatu.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ya shimo. Nyuma ya Shasha, kabla hujaanza kupanda kilima cha mama wa mwenzangu, kuna bonde dogo lenye umbo la sahani, ambamo majani ni mabichi na mazuri kuliko popote. Lakini ndani yake kuna hewa ya sumu inayotoka ardhini, haina rangi, haina moshi, inalala chini kama maji. Watu wanaiita mazuku. Asubuhi kabla upepo haujaanza ndipo inapojaa, na jua likipanda inapungua. Ndege anayetua humo haruki tena. Mbwa anayeingia kufuata panya anabaki humo na panya wake. Mwaka uliotangulia, mama wa mwenzangu alipoteza ndama humo, na tangu hapo alizungushia ng'ombe wake njia ya mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwenda ziwani kunywa maji na kurudi.

Wafugaji wana sheria moja kwa ajili ya shimo hilo, na mwenzangu alitufundisha sisi sote, profesa akiwa mbele kama mwanafunzi.

"Muntu muzima anaweza kuingia," alisema, akisahau Kifaransa chake kama kawaida alipofurahi, nami nikatafsiri. "Sumu iko chini. Kichwa iko juu. Basi unasimama tu. Lakini usiiname. Fimbo ikianguka, unaiacha. Pesa ikianguka, unaiacha. Hata rozari ya mama yako, unaiacha. Mungu atakupa ingine."

Wanafunzi walicheka, profesa akaandika. Sheria hiyo niliijua mimi pia. Kila mtoto wa Masisi aliyewahi kuteremka Shasha anaijua. Kwa nini basi sikuisema mimi kwanza?

Namna ya kupima ilikuwa ya wafugaji vilevile. Unaingia shimoni umesimama wima, umeshika taa ndogo ya petroli kwa kamba, na unaiteremsha polepole kando ya mguu wako. Pale moto unapozimika ndipo ilipo sumu. Wewe unasema kwa sauti: kifundo, goti, paja, kiuno. Ikifika kiuno, unatoka bila kusema kitu. Profesa alikuwa na fimbo moja tu ya kupimia, yenye alama, na wanafunzi waliihitaji kila siku kwenye mawe ya mlimani. Akaamua kwamba sisi tutumie miili yetu. Alinipa kaye mpya, daftari la kuandikia, na utepe wa fundi cherehani.

"Andika ukurasa wa kwanza," aliniambia, "goti ni sentimita ngapi, paja ni ngapi, kiuno ni ngapi. Jipimeni wote wawili. Siku moja ataingia mmoja, siku inayofuata mwingine. Lakini kaye utaishika wewe, mwandiko wako ni mzuri."

Mwandiko wangu ni mzuri! Nililala na sentensi hiyo kama mtu aliyelala na jiwe la moto miguuni wakati wa baridi. Na kesho yake nilifanya jambo ambalo sasa nitalieleza jinsi lilivyokuwa.

Nilijipima peke yangu, nyuma ya jiko la misheni. Mwenzangu sikumwita. Kumpima yeye kungekuwa na maana ya kusimama naye ukutani mmoja kando ya mwingine, na mbele ya jiko kulikuwa na wasichana wanne wakimenya ndizi, na mmoja wao bila shaka angesema lile neno. Nilijiambia mtu ni mtu na goti ni goti. Mimi ambaye hufikiri mara saba kabla ya kufunga mlango, niliyekuwa nimefikiria taa ikivunjika, kamba ikikatika, mvua ikinyesha juu ya kaye, profesa akifa kwa homa na barua isiandikwe, sikutaka kufikiri juu ya jambo hilo hata mara moja. Nikaandika jedwali moja tu, kwa mwandiko wangu mzuri, na juu yake neno moja: Mwili.

Kazi ikaanza. Siku zangu nilikuwa naingia mwenyewe, nateremsha taa, natoka, naandika: paja. Siku zake alikuwa anaingia yeye akiimba wimbo wa kanisa, na mimi nikisimama ukingoni na kalamu.

"Goti!" anapiga kelele kutoka ndani. "Andika goti, kaka! Na uandike kama nasikia njaa!"

Nilitazama jedwali, nikaandika idadi ya sentimita. Ya njaa sikuiandika.

Majuma yalipita hivyo. Jioni, kabla jua halijazama, tulikaa na wageni mbele ya hema, na hapo ndipo niliposhindwa. Mimi nilieleza mambo kwa mpangilio, kwanza, pili, tatu, na wanafunzi wakaitikia kwa kichwa kwa adabu. Yeye alieleza jinsi ng'ombe jike wa mama yake alivyokataa kupita ukingoni hata kwa fimbo, na wakasahau kula. Siku moja alisema kwamba wazee wa Nyamitaba husema mashimo ya namna hii yanapumua, siku moja yanavuta, siku moja yanatoa. Niliandika hilo kichwani mwangu kama ujinga, nikafurahi kwamba amelisema mbele ya profesa.

Profesa aliandika kwenye kaye yake mwenyewe.

Mwisho wa mwezi alituita mezani. Alikuwa amechukua hesabu zangu zote na kuzichora kwenye karatasi ya miraba midogo. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama meno ya msumeno. Siku moja juu, siku moja chini, bila kukosa.

"Linapumua," alisema polepole. "Miaka yote nimesoma juu ya hewa hizi, na sijaona kitu kama hiki." Kisha akamgeukia mwenzangu, akaweka mkono begani kwake, na ilibidi auinue mkono juu sana kufika hapo. "Ulitwambia. Wazee wako walijua. Wewe ndiye uliyeleta jambo hili."

Mwenzangu alitazama karatasi, akakuna kichwa. "Mimi nilisikia tu, Profesa."

Nilisema pongezi. Nakumbuka nilizisema kwa Kifaransa safi. Kaye ilikuwa yangu! Kila namba kwenye mstari ule ilitoka kalamuni mwangu, na yeye, aliyekuwa anaimba na kusikia njaa, ndiye aliyeleta jambo. Niliiona barua tayari. Niliona jina lake juu ya bahasha, niliona meli, niliona koti refu la Ulaya likimfaa vizuri mwili wake mrefu, kwa sababu yeye kila nguo inamfaa.

Kisha profesa akasema jambo la pili. Kwa kuwa sumu inashuka siku za mwenzangu, na siku hizo inakuwa chini ya pua ya ndama, mama anaweza kuacha kuzunguka. "Kesho ni siku ya chini. Tutapima mapambazuko. Tukiona ni goti, mama apitishe ndama wake katikati baada ya kahawa, na sisi tutakuwa ukingoni tukitazama. Itakuwa zawadi yetu kwake."

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa. Mwenzangu aliingia, akateremsha taa.

"Goti!"

Niliandika. Profesa alipiga makofi, akaenda na wanafunzi kunywa kahawa, na mwenzangu akapanda kilima kumwita mama yake. Mimi nilibaki, nikisema nitakunja kamba.

Sikukunja kamba. Kwa siku nyingi wazo moja lilikuwa limenikaa: kwa nini siku zake ziwe za chini daima, na zangu za juu? Shimo linajuaje ni nani anayeingia? Mtu mwingine angejiuliza swali hilo akafika mahali pazuri. Mimi, kwa wivu, nilifika hapa: anadanganya. Anasema goti kila siku ili usemi wa wazee wake uwe kweli, ili apate barua. Niliwasha taa, nikaingia mwenyewe, nikaiteremsha kando ya mguu wangu.

Moto ulizimika juu ya goti. Upana wa kiganja kizima juu ya goti langu, sawasawa na siku zangu zote.

Sijawahi kupata furaha kama ile, na naona aibu kuisema. Nilimshika! Nilitoa kalamu sikioni ili niandike papo hapo, vidole vilikuwa vimelowa, kalamu ikaanguka majanini. Na mimi, niliyeijua sheria tangu mtoto, kwa haraka ya kutaka kuandika kosa la mtu mwingine, nikainama.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka harufu ya majani, na kichwa kuwa chepesi, kisha shingo kukabwa na kola ya shati langu. Mwenzangu, akiteremka kilima mbele ya mama yake, alikuwa ameona kamba haijakunjwa akaja mbio. Alibana pumzi, akaninyanyua kwa mkono mmoja kama gunia la maharage, akanitoa hadi ukingoni, akanikalisha.

"Weye!" alipiga kelele. Sijamwona na hasira kama ile. "Unainama? Weye, wa diploma, unainama ndani ya mazuku? Unatafuta nini?"

"Kalamu," nilisema.

"Kalamu." Alikaa chini, akapumua, kisha akaanza kucheka akitikisa kichwa. "Kaka, utaniua. Nitamuambia nini mama yako? Kama umekufa juu ya kalamu?" Alitoa yake mfukoni, ya risasi, fupi, iliyotafunwa, akaniwekea mkononi. "Shika. Tuende, mama anakuya na ndama."

Ingekuwa rahisi zaidi kama angenipiga. Kuokolewa na mtu unayemwonea wivu ni kitu kigumu kumeza. Nilimfuata nyuma nikiwa na kalamu yake mkononi, na hata hivyo ndani ya kichwa changu kilichokuwa bado kinazunguka nilikuwa natunga sentensi ya Kifaransa ya kumshtaki.

Walikuwa wote ukingoni: profesa, wanafunzi watatu, na mama wa mwenzangu, mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mbele yake ndama watano wakinusa hewa. Alikuwa amevaa nguo ya Jumapili kwa sababu ya wageni.

"Profesa," nilisema, "wasipite. Amedanganya. Nimeingia sasa hivi kupima. Sumu haiko kwenye goti. Iko juu."

Mwenzangu alielewa Kifaransa sawa na mimi. Alinitazama, halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Mimi naongopa?" Akanyoosha kidole. "Ile njo mama yangu. Zile njo ndama zake. Na mimi naongopa?"

Mpaka sentensi hiyo sikuwa nimefikiria ndama. Nilikuwa nimewafikiria kama sehemu ya mashtaka.

Profesa hakukasirika. Alichukua taa, akaiwasha, akatukabidhi sisi wawili. "Ingieni pamoja. Taa moja. Nami nitatazama."

Tuliingia, mmoja kando ya mwingine, jinsi nilivyokuwa nimekwepa mwezi mzima. Yeye alishika kamba, akateremsha taa kati ya mguu wake na wangu. Ikafifia, ikazimika.

"Goti," alisema.

"Juu ya goti," nilisema.

Tukatazamana. Kisha tukatazama chini, bila kuinama, kama mbuni wawili. Na kutoka ukingoni nikasikia mama yake akipiga kofi moja.

"Yesu wangu! Lakini angalieni miguu ya batoto hawa! Goti ya huyu iko hapa, goti ya huyu iko kule chini! Ni muti na kisiki yake!"

Wanafunzi walikuwa hawajui Kiswahili lakini walikuwa na macho. Mmoja akaanza kucheka, kisha wa pili. Profesa hakucheka. Alifungua kaye kwenye ukurasa wa kwanza, akasoma jedwali, akasoma neno Mwili, akaigeuza kaye juu chini kana kwamba jedwali la pili lingeanguka kutoka ndani.

"Hili ni goti la nani?" aliuliza.

"Langu."

"Na lake liko wapi? Niliwaambia mjipime wote wawili."

Ndama mmoja alikuwa amesogea ukingoni, mama akamrudisha kwa kumgusa pua. Nilikuwa na jibu tayari. Akili yangu hutoa majibu bila kuombwa: alikataa kupimwa, Profesa. Alisema ni mambo ya kijinga. Ilikuwa sentensi fupi, na ingeaminika, kwa sababu mwenzangu hakuwa mtu wa kujali mambo ya utepe. Mwenzangu alisimama kando yangu, bado ndani ya shimo. Alikuwa anangoja kama watu wengine. Kalamu yake fupi ilikuwa mkononi mwangu, na alama za meno yake niliweza kuzihisi kwa dole gumba.

"Sikumwita," nilisema.

"Kwa nini?"

"Sikutaka kusimama karibu naye."

Kwa Kifaransa sentensi hiyo ina maneno machache tu. Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kisha alichukua ile karatasi ya meno ya msumeno, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni bila kuichana, na naona hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Shimo halikuwa limepumua siku hata moja. Lilikuwa limelala pale pale mwezi mzima, na lililokuwa linapanda na kushuka ni sisi.

Mama alipoelezwa na mwanawe, kicheko kilimtoka usoni. Alitazama ndama wake, mmoja mmoja, akaangalia pua zao zilivyo karibu na ardhi, kisha akawageuza kuelekea njia ndefu. Alipopita kando yangu alinishika mkono.

"Kama ungenyamaza, mutoto wangu, sasa hivi ningekuwa nalia. Mungu akubariki."

Nilitaka kumwambia kwamba nilisema kwa sababu nyingine. Lakini alikuwa ameshaondoka, akiwapigia ndama mluzi.

Barua iliandikwa siku tatu baadaye, na haikuwa yangu. Profesa alinieleza mwenyewe, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alisema nina akili ya kuona hatari mahali ambapo wengine hawaioni. "Lakini kazi hii mtu hawezi kuifanya peke yake," alisema, "na wewe unafanya kila kitu peke yako." Nimeigeuza sentensi hiyo pande zote, nikitafuta mahali ilipokosea.

Mwenzangu aliondoka kwa kamio, lori la mboga lililokuwa linakwenda Goma, diploma mfukoni, akinipungia mkono mpaka kona ya mwisho. Mimi nilipewa kazi ya ualimu huko Walikale, katika kijiji cha Mpofi, ambako hakuna mlima wa moto wala shimo, kuna msitu, mvua, na wachuuzi wa mafuta ya mawese. Kopo la biskuti nililibeba kichwani mwenyewe, kwa kuogopa mabega ya wengine.

Likizo ya kwanza nilipokuwa narudi kwetu Masisi nilizunguka na kupitia Shasha. Sijui kwa nini. Mama yake aliniona kutoka mbali, akaita kwa furaha, akanikalisha kwenye kigoda, kwa sababu kwao maziwa hayanywewi umesimama, akanipa kikombe cha mti kilichojaa mpaka ukingo. Kisha akatoa bahasha kifuani. Ilikuwa na stempu ya Ulaya, na haikuwa imefunguliwa.

"Imefika juma ile ingine," alisema. "Katekista aliniambia, Mama, lete nikusomee. Nikasema hapana. Nangojea rafiki wa mutoto wangu."

Nilifungua. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kama zamani. Alimwandikia mama yake Kiswahili cha nyumbani, na nilipaswa kusoma kama kilivyo.

"Mama," nilisoma, "mimi niko muzima. Baridi huku iko mingi. Profesa alitupeleka inchi ingine, mbali, kusoma mulima ya moto. Mimi nilipanda mpaka juu."

"Ulipanda mpaka juu!" alisema mama, akinitazama mimi.

"Mimi nilipanda mpaka juu," nilisoma tena. "Niliona moto ndani, Mama, inachemka kama ugali. Batoto ya hapa baliogopa. Mimi sikuogopa, kwa sababu nilikumbuka Shasha."

Nilisoma ukurasa mzima hivyo, nikisema mimi, mimi, mimi, kwa safari ambayo haikuwa yangu, na kwenye kila "mimi" mama aliitikia kwa kichwa akinitazama usoni, kana kwamba ameona theluji kwenye nywele zangu. Chini ya ukurasa wa pili niliona mstari unaofuata kabla sijaufikia kwa sauti. Ningeweza kuuruka. Hajui kusoma. Hakuna mtu angejua.

"Siku ya kwanza ya kupima," nilisoma, "profesa aliniambia nieleze bengine habari ya goti. Nikaeleza. Balicheka mpaka balilia. Sasa kila muntu anapimwa kwanza kwenye ukuta, na profesa anasema ni sheria ya Shasha. Musalimie kaka yangu kama unamuona. Umuambie kalamu yangu anirudishie."

Mama alicheka, akajipiga paja, akapangusa macho kwa kitambaa. Nilikunja barua. Hata kosa langu lilikuwa limekwenda Ulaya, limefika kabla yangu, limepewa mahali pa kukaa.

"Soma tena," alisema mama. "Pale pa goti."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nayo siku zote huko Mpofi, imebaki ndogo kiasi cha kushindwa kuishika. Nilikunywa maziwa yaliyobaki, nikafungua barua tena, nikatafuta pale pa goti. Lakini safari hii sikuanza na mstari huo. Nilirudi nyuma, pale anaposema, "Mimi nilipanda mpaka juu," nikausoma mstari ule polepole zaidi kuliko barua ilivyohitaji.